Sindano ndogo, pesa mingi: namna nilijifunza kuchagua katriji ya mashine ya disiki



Kwenye ukurasa huu tumezoea kuongea juu ya kazi, burse, na namna ya kumaliza TFC bila kuchoka roho. Leo naomba mnivumilie kidogo. Nataka kuandika juu ya ncha ya almasi, ndogo kuliko punje ya mtama, na juu ya kile kitu chenye kuibeba. Hiyo kitu ilinikulia pesa, karibu iniharibie disiki moja ambayo haina pacha duniani, kiisha ikanirudishia kipande cha sauti ya mama yangu.

Papa alikuwa mwalimu hapa Bukavu. Alipokufa hakutuachia shamba wala nyumba ya kupangisha. Alituachia sanduku tatu za disiki. Ndani mlikuwa zile nzito za zamani za mizunguko 78, za wakati ule nyumba ya Ngoma ilianza kurekodi kule Léopoldville mwaka 1948. Mlikuwa 45 mingi za OK Jazz na African Fiesta, na 33 kama makumi manne hivi. Mwaka 2021 UNESCO ilipoandika rumba yetu kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu, nilimwambia dada yangu: "Unaona? Papa alikuwa na urithi wa dunia chini ya kitanda."

Lakini disiki yenye inatuhusu zaidi haikuwa ya rumba. Ilikuwa 45 moja ya kwaya ya parokia, ya katikati ya miaka ya 70, isiyo na picha kwenye ganda. Kwenye upande wa pili, Mama anaimba peke yake mstari mzima mbele kwaya haijaitika. Hakuna kaseti ingine, hakuna video, hakuna simu ya wakati ule. Sauti ya Mama iko pale tu.

Mimi nilisoma elektroniki, kwa hiyo nilijiona fundi. Nikanunua mashine ya disiki ya mkono wa pili sokoni, nikaunganisha kable, nikaweka disiki ya Mama. Ikalia! Kila siku ya Mungu kisha misa nilikuwa naiweka. Mwaka moja ukapita hivyo. Siku moja dada yangu akapiga simu toka Ubelgiji, nikamwekea ile wimbo asikie. Akanyamaza, kiisha akauliza: "Yaya, mbona Mama anaimba sawa mutu mwenye kukosa meno?"

Tukacheka. Halafu mimi nikaacha kucheka. Ilikuwa kweli. Kila "s" ya Mama ilikuwa imegeuka "fff". Sikujua ile sindano ilikuwa na miaka ngapi wala ilitumika saa ngapi. Ilikuwa imelika, imekuwa na kona kali sawa patasi, na mimi kila siku ya Mungu nilikuwa nachonga nayo sauti ya mama yangu.

Basi, kama kwenu nyumbani kuko disiki za wazee, soma hii mbele haujaziweka kwenye mashine.

1. Katriji ni nini?

Katriji, wenye kusema Kifaransa wanaiita selule, ni kile kisanduku kidogo mwisho wa mkono wa mashine. Chini yake kunatoka kijiti chembamba, na kwenye ncha ya kile kijiti kuko almasi. Kila upande wa disiki uko na mfereji moja tu, mrefu, wenye kuzunguka toka nje mpaka ndani. Mfereji ule uko na kuta mbili zenye kukutana kwa pembe ya digrii 90, kila ukuta umelala digrii 45. Kwenye disiki ya stereo, ukuta wa ndani unabeba sauti ya kushoto na ukuta wa nje unabeba ya kulia. Kwenye disiki ya mono, kuta zote mbili zinabeba sauti moja. Hili tulikumbuke, tutarudi kwalo.

Ncha inapita mule, kuta zinaitikisa, kijiti kinatikisika, na ndani ya katriji ule mtikisiko unageuka umeme. Wenye walisoma fizikia wanamkumbuka Faraday: sumaku ikitembea karibu na waya ulioviringwa, umeme unazaliwa. Hapa ndipo familia mbili kubwa zinaachana.

Familia ya kwanza ni ya sumaku yenye kutembea. Watu wanaandika MM. Sumaku ndogo iko kwenye kijiti, koili zimekaa tu. Koili zinaweza kuwa na mizunguko mingi ya waya, kwa hiyo umeme wake ni wa kutosha, tuseme milivolti 3 mpaka 6. Tena uzuri mkubwa: sindano ikilika, unaichomoa kwa vidole na kuingiza ingine.

Familia ya pili ni ya koili yenye kutembea, MC. Hapa sumaku imekaa na koili ndizo zinatikisika. Ili ziwe nyepesi lazima waya uwe kidogo sana, kwa hiyo umeme ni mdogo, mara mingi milivolti 0.2 mpaka 0.6. Kitu chepesi kinafuata mfereji vizuri, ndiyo maana katriji nyingi za bei kali sana duniani, sawa zile za Koetsu na Lyra za Japani zenye kufika maelfu ya dola, ziko za familia hii. Lakini sindano yake ikilika, kawaida hauwezi kuibadilisha mwenyewe. Lazima katriji nzima irudi kwa mtengenezaji ao kwa fundi wa kubandika ncha mpya. Mutu wa Bukavu afikiri mara mbili hapo.

2. Kosa langu la dola 450

Mimi sikufikiri hata mara moja. Nilikuwa na haya ya kuharibu disiki, nikasema: sasa nitanunua kitu cha hali ya juu kabisa. Nilikusanya pesa za miezi minane, nikatafuta katriji ya MC ya mkono wa pili, mfanyabiashara moja akaniuzia kwa dola 450. "Mukubwa," aliniambia, "hii iko ya batu benye kujua muziki." Na hakudanganya. Katriji ilikuwa nzima, sindano yake ingali muzuri.

Nikaifunga. Nikaweka disiki moja ya Docteur Nico. Gitaa ikalia kwa mbali sana, sawa mutu anapiga nyumba ya tatu. Nikafungua ampli mpaka mwisho. Gitaa ikasogea kidogo, lakini pamoja nayo ikaja mngurumo "mmmmm" wenye kujaza chumba. Na besi ikawa inapigapiga, mkono wa mashine unatetemeka.

Nilimwita muzee moja fundi wa redio, mwenye alitengeneza mashine za muji huu tangu zamani. Akaangalia, akavuta kiti, akasema: "Mutoto yangu, umeoa muke muzuri, lakini haukuuliza kama mutaelewana na mama yako."

Ile maneno njo somo lote. Katriji muzuri peke yake haiko. Iko katriji yenye kuelewana na preampli yako, na mkono wako, na disiki zako. Tuchukue moja moja.

3. Katriji na preampli

Sauti ya disiki haiingii moja kwa moja kwenye ampli. Wakati wa kukata disiki, besi zinapunguzwa na sauti nyembamba zinaongezwa, ili mfereji usiwe mpana sana na kelele ya juu isisikike. Preampli ya disiki inafanya kinyume chake: inarudisha besi na kupunguza zile nyembamba. Kipimo chenye kufuatwa kinaitwa RIAA, kilikubaliwa mwaka 1954. Kati ya sauti ya hezi 20 na ya hezi 20,000, tofauti ni karibu desibeli 39. Ndiyo maana ukiunganisha katriji kwenye tundu la kawaida la ampli, inalia nyembamba sawa redio ya betri yenye kufa.

Kazi ya pili ya preampli ni kukuza umeme. Preampli ya MM inakuza desibeli 40, maana yake mara 100. Katriji ya milivolti 5 inatoka na nusu volti, ampli inafurahi. Sasa weka pale katriji ya milivolti 0.3. Mara 100 inakuwa milivolti 30. Si kitu! Ndiyo ile gitaa ya nyumba ya tatu. MC inaomba desibeli 60 hivi, mara 1,000.

Iko njia ingine: kutia transfoma ndogo kati ya katriji na preampli ya MM. Transfoma ya moja kwa kumi inafanya milivolti 0.3 kuwa 3. Lakini inabadilisha pia ule mzigo wenye katriji inaona. Preampli za MM ziko na omu 47,000. Kupitia transfoma ya moja kwa kumi, ile inagawanywa kwa mraba wa kumi, yaani kwa 100, inabaki omu 470. Kwa MC, desturi ni kutafuta mzigo wenye kufika angalau mara kumi ya omu za katriji yenyewe. Katriji ya omu 40 inaomba 400 kwenda juu, kwa hiyo 470 inafaa. Ukifanya hii hesabu mbele ya kununua, unaepuka machozi. Na transfoma muzuri ao preampli muzuri ya MC inaweza kulingana bei na katriji yenyewe. Mimi nilikuwa nimemaliza pesa yote kwenye katriji.

Kwa MM hesabu ni nyepesi. Omu 47,000 ziko tayari karibu kila mahali. Angalia tu pikofaradi za kable na za preampli ukizijumlisha. Watengenezaji wengi wanaomba kati ya 100 na 300. Kable ndefu ya bei rahisi inaweza kupitisha pale, na sauti za juu zinaharibika.

4. Katriji na mkono

Hii njo watu wengi wanaruka, hata wenye pesa. Kijiti cha sindano kimefungwa na mpira mdogo, kwa hiyo ni sawa springi. Springi ikibeba uzito, iko na mtikisiko wake mwenyewe, sawa gari yenye amortiseri laini kwenye barabara ya mashimo. Ule ugumu ao ulaini wa springi unaitwa unyumbufu, na umeandikwa kwenye karatasi ya katriji.

Hesabu iko hivi: jumlisha uzito tendaji wa mkono, uzito wa katriji, na wa viskurubu, yote kwa gramu. Zidisha na unyumbufu. Tafuta kipeuo cha pili. Kiisha gawanya 159 kwa kile umepata. Jibu ni hezi. Tunataka lianguke kati ya 8 na 12. Chini ya pale, disiki yenye kujikunja kidogo inarusha mkono. Juu ya pale, mtikisiko unaanza kukaribia besi ya muziki.

Mfano: mkono gramu 10, katriji 7, viskurubu 1, jumla 18. Unyumbufu 20. Mara zake 360, kipeuo chake karibu 19. 159 kugawa 19 ni 8.4. Ndoa muzuri.

Sasa yangu: mkono mwepesi wa gramu 9, katriji 8, viskurubu 1, jumla 18 tena. Lakini unyumbufu wa ile MC ulikuwa 6 tu, springi ngumu. Mara zake 108, kipeuo 10.4. Jibu: hezi 15. Njo maana besi ilikuwa inapigapiga. Ile katriji ilitengenezwa kwa mikono mizito ya zamani.

Onyo moja: watengenezaji wengi wa Japani wanapima unyumbufu kwa hezi 100, wa Ulaya kwa hezi 10. Namba ya Kijapani uizidishe na 1.5 mpaka 2 mbele ya kufanya hesabu. Denon DL-103, katriji ya MC yenye ilitengenezwa miaka ya 60 kwa ajili ya redio ya taifa ya Japani na ingali inauzwa mpaka leo, iko na unyumbufu 5 kwa hezi 100. Mutu akisoma ile 5 bila kujua, anakosea. Lakini hata ukiigeuza 10, bado inapenda mkono mzito: kwenye mkono wa gramu 20 inaanguka karibu hezi 9, pazuri kabisa.

5. Umbo la ncha: hapa njo pesa inakwenda

Wandugu, kama utasahau yote, usisahau hii. Kwenye familia moja ya katriji, kisanduku mara mingi ni kimoja. Chenye kubadilisha bei na sauti ni umbo la almasi.

Ncha ya duara ndiyo rahisi. Mviringo wake uko na mikroni 15 mpaka 18 hivi. Ni mvumilivu, inasamehe ukifunga vibaya. Ncha ya yai iko nyembamba ubavuni, kama mikroni 7 ao 8. Kiisha kuko zile za kuchongwa kwa ufundi mkubwa: Shibata, iliyobuniwa Japani miaka ya 70 kwa disiki za njia nne, na mikrolinia, yenye ubavu wa mikroni 3 hivi. Hizi zinagusa ukuta kwa mstari mrefu toka juu kwenda chini, si kwa nukta moja.

Kwa nini ni muhimu? Tufanye hesabu ya sekondari. Disiki ya 33 inazunguka mwendo moja, lakini mfereji wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Kule nje, ncha inapita karibu sentimita 51 kwa sekunde. Kule ndani, karibu na karatasi ya katikati, inapita karibu 21 tu. Sauti ya hezi 10,000 kule ndani inabanwa kwenye mikroni 21 kwa kila wimbi, na nusu wimbi ni kama 10. Sasa ncha ya mviringo wa mikroni 18 itaingia namna gani kwenye kona ya mikroni 10? Haiingii. Inaruka juu yake, na unasikia "fff" mahali pa "s". Ya mikroni 3 inaingia.

Tena kuko uhai wa ncha. Audio-Technica, kwa mfano, inatoa makadirio ya saa 500 hivi kwa duara, 300 kwa yai, 800 kwa Shibata na 1,000 kwa mikrolinia. Kwa hiyo yenye bei kali inaweza kuwa rahisi kuliko ingine ukigawanya bei kwa saa.

Lakini ncha nyembamba haisamehi. Ukiifunga kombo, inaharibu. Lazima uwe na karatasi ya kupima pembe, na mizani ndogo ya kupima gramu za ncha. Na mutu asikudanganye kwamba gramu kidogo ndiyo zinalinda disiki. Ncha nyepesi kupita kiasi inarukaruka na kugonga kuta. Fuata kipimo cha karatasi: kama inasema 2.0, weka 2.0.

6. Disiki zako ni za namna gani?

Hapa sanduku za Papa zilinifundisha zaidi kuliko auditoire.

Disiki za 78 ziko na mfereji mpana. Zinaomba ncha kubwa, ya mikroni 65 mpaka 75 hivi. Ukitia ncha ya 33 inashuka mpaka chini ya mfereji, kwenye vumbi na makelele, na lile disiki gumu linailika ncha yako. Tena usisafishe 78 na pombe wala alkoli! Zimetengenezwa na shelaki, na alkoli inayeyusha shelaki. Maji safi kidogo na kitambaa laini inatosha.

Disiki nyingi za kwetu za miaka ya 50 na 60 ziko mono. Kwa mono muziki wote uko kwenye mtikisiko wa kushoto na kulia. Mtikisiko wa juu na chini ni kelele tu. Katriji ya mono ya kweli haisikii ule wa juu na chini. Lakini kama hauna pesa ya katriji ya pili, tumia ya stereo, rekodi pande zote mbili kwenye kompyuta, kiisha zichanganye kuwa moja. Kelele nyingi inajifuta yenyewe.

Kwa hiyo kama sanduku yako ni 33 za stereo zenye hali muzuri, pesa yako iende kwenye ncha nyembamba. Kama ni 45 za mono zenye zilichezwa kwenye mabaa yote ya muji, anza na kusafisha. Na kama ni 78, tafuta ncha yake mbele ya kitu kingine chochote.

7. Namna niligawa dola 500

Ile MC niliiuza dola 300 kwa rafiki moja wa Kigali mwenye mashine ya mkono mzito na transfoma. Alinitumia sauti yake: kule inaimba sawa malaika. Haikuwa mubaya, ilikuwa tu kwa mwingine. Dada yangu akaongeza 200.

Safari hii nilikaa chini na karatasi. Dola 220, pamoja na usafiri, zilikwenda kwenye katriji ya MM ya Audio-Technica, VM95 yenye ncha ya mikrolinia. 75 zikanunua ncha ya 78, yenye kuingia kwenye kisanduku kile kile. 15 mizani. 20 burashi na karatasi ya kupima. 50 vitu vya kusafisha. 120 preampli yenye tundu la kuingiza sauti kwenye kompyuta. Jumla 500, sikubakisha kitu.

Mutu atasema: katriji ya dola 220, hiyo njo hali ya juu? Jibu langu: hali ya juu iko kwenye ncha yenye kugusa mfereji, na kwenye kazi ya kuifunga sawa. Kwenye mkono wangu na preampli yangu, ilifanya kazi kuliko ya 450. Mwenye dola 2,000 naye afanye hesabu ile ile. Hesabu haiogopi pesa.

8. Disiki ya Mama

Kuifunga kulinichukua jioni mbili, moja juu ya umeme kukatika. Nilianza na disiki zenye hazina maana kubwa, ili nikosee pale. Siku ya tatu nikasafisha ile 45, nikaikausha usiku mzima, asubuhi nikairekodi mara moja tu. Mara moja! Hiyo ni sheria: disiki yenye haina pacha, unaicheza mara moja na mashine iliyo tayari, kiisha unasikiliza nakala.

Nilijua ncha ya zamani ilikuwa imekula ukuta kwenye nukta moja. Mikrolinia inagusa mstari mrefu, kwa hiyo mara ingine inapata sehemu ya ukuta yenye ile ya zamani haikugusa. Si kila mara. Niliomba tu.

Sauti ilikuwa bora, lakini "s" bado ilikuwa inakwaruza. Nikaketi mbele ya kompyuta, nikasikiliza upande wa kushoto peke yake. Mubaya. Nikasikiliza wa kulia peke yake. Nikasimama.

Ni fizikia tu. Mashine ile ya sokoni haikuwa na springi ya kuzuia mkono kuvutwa ndani. Kwa hiyo mwaka mzima sindano mubaya ilikuwa inaegemea ukuta wa ndani, wa kushoto, na kuuonea. Ukuta wa nje uliteseka kidogo tu. Na kwa sababu disiki ni ya mono, sauti ya Mama ilikuwa imeandikwa kwenye kuta zote mbili. Nikafuta ya kushoto, nikabakiza ya kulia.

Si safi kabisa. Kwenye neno moja la mwisho bado kuko ukwaruzo, ule ni wangu, na hautatoka. Niliutuma ule wimbo kwa dada yangu kwa WhatsApp. Aliona saa ile ile, lakini hakujibu mpaka usiku. Kiisha akaandika: "Yaya, ana meno."

Sasa nawaomba ninyi mwenye kusoma. Wengi wetu tuko na digrii, na kwetu kuko muzee mwenye disiki chini ya kitanda, ao bibi mwenye aliimba. Usikimbilie kununua katriji ya bei kali juu mutu amekuambia iko ya wenye kujua. Uliza kwanza maswali mane: preampli yangu inakuza mara ngapi? Mkono wangu uko na gramu ngapi? Disiki zangu ni za namna gani? Na ncha yake iko na umbo gani? Ukiwa na majibu mane, bei itajichagua yenyewe.

Na kama leo hauna pesa hata ya swali la kwanza, fanya hii yenye haina bei: toa ile sindano ya zamani kwenye mkono, disiki uzisimamishe wima kwenye sanduku, mbali na jua. Zinaweza kukungojea miaka. Sindano mubaya haingojei hata wimbo moja.